Kifungo cha nje, parole na msamaha wa Rais: nani atoke, nani abaki ndani?

Mei 2018 msanii Elizabeth Michael, maarufu kama Lulu, alitoka Gereza la Segerea kwenda kumalizia nje kifungo cha miaka miwili alichohukumiwa Novemba 2017 kwa kosa la kuua bila kukusudia. Magazeti yaliandika "kifungo cha nje". Nilikuwa saluni, na kwa saa nzima sikusikia habari nyingine. Mmoja alisema amesamehewa. Mwingine akasema hiyo ndiyo parole. Wa tatu akakata kauli: mwenye jina hafungwi nchi hii. Hakuna aliyeuliza swali ambalo lingemaliza ubishi, kwamba hicho kifungo cha nje chenyewe ni kitu gani.

Miaka imepita na ubishi ni uleule. Unarudi kila Rais anapotoa msamaha Desemba 9 au Aprili 26, na kila mtaa unapomwona kijana aliyekamatwa Jumatatu akikatiza uchochoroni Ijumaa. Ungekuwa ubishi wa kupitishia muda tu ningeuacha. Lakini anayeamini kwamba mahakama inawatoa wezi kwa mlango wa nyuma ndiye anayekuwa wa kwanza kutafuta tairi na petroli. Kwa miaka mingi ripoti za haki za binadamu nchini zimehesabu kwa mamia watu wanaouawa kila mwaka na hao tunaowaita "wananchi wenye hasira kali". Baadhi yao walikuwa wezi kweli. Wengine walifananishwa.

Uliza ni nani aliyemtoa

Ukisikia fulani ametoka, usianze na kosa lake. Anza na aliyemfungulia.

Kama amefunguliwa na polisi au hakimu kabla ya hukumu, hiyo ni dhamana. Kesi bado ipo, naye ana wadhamini waliosaini kwamba atarudi. Dhamana si kushinda kesi, na kunyimwa dhamana si kuwa na hatia. Anayekaa ndani kabla ya hukumu anaitwa mahabusu, si mfungwa, hata kama anakula ugali uleule na kulala sakafu ileile. Kwa miaka mingi karibu nusu ya watu waliomo katika magereza ya Tanzania Bara wamekuwa mahabusu, yaani watu ambao hakuna mahakama iliyowatia hatiani bado. Nalitaja hili mapema kwa sababu tunapolia kwamba magereza yamefurika, tunadhani yamefurika wahalifu.

Kama amefunguliwa na hakimu baada ya kutiwa hatiani, basi amepewa adhabu isiyo ya gereza, na hapo pana ngazi. Ya chini ni kuachiwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Akirudia, anajibu la zamani pamoja na jipya. Juu yake kuna uangalizi, ambao wengi wanauita probesheni: anaishi kwake, lakini kuna afisa anayemfuatilia na masharti anayotakiwa kuyashika. Halafu kuna huduma kwa jamii, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2002. Huyu anafanya kazi ya umma bila malipo: anafagia zahanati, anafyeka uwanja wa shule, anazibua mitaro, kisha anarudi kulala nyumbani. Inahusu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, au ambayo hakimu ameona miaka mitatu au pungufu inatosha. Kenya wana sheria ya namna hiyo tangu 1998, nayo ilichukua nafasi ya utaratibu wa zamani wa kikoloni wa kuwatumikisha wafungwa wa makosa madogo nje ya kuta. Mtaani ngazi zote tatu tunaziita "kifungo cha nje", na mkanganyiko unaanzia hapo.

Kama aliyemtoa ni bodi, hiyo ndiyo parole. Sheria yake ni ya mwaka 1994. Mfungwa anakuwa ameshatumikia sehemu ya adhabu ndani, mwenendo wake umepimwa, na bodi imeuliza huko anakotaka kurudi kama watampokea. Wenye vifungo vya maisha na baadhi ya makosa mazito hawamo kabisa. Wengi waliisikia parole kwa mara ya kwanza mwanasiasa marehemu Augustine Mrema alipokuwa mwenyekiti wa bodi ya taifa kuanzia 2016, akipita magereza na kuizungumzia kwa sauti yake ileile ya siku zote.

Kama ni Rais, ni msamaha chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Mara nyingi huo haumtazami mtu mmoja mmoja kama bodi inavyofanya. Unataja makundi, kama wagonjwa, wazee, au waliobakiza muda mfupi. Desemba 9, 2019 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533 kwa siku moja.

Na kuna anayetoka bila kufunguliwa na yeyote kati ya hao. Mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa theluthi ya kifungo chake. Kwa hiyo jirani yako aliyehukumiwa miaka mitatu akionekana baada ya miwili, hajahonga mtu. Sheria imehesabu hivyo tangu siku ya kwanza.

Kwa anayetaka picha moja ya kifungo cha nje, namwambia afikirie mkopo wa kikoba. Pesa umeondoka nayo, unatembea nayo sokoni, lakini kila wiki unatakiwa uje na rejesho. Ukikwama, wenzako wanakuja nyumbani na makochi yanabebwa. Aliye kwenye kifungo cha nje bado anadaiwa. Akiacha kufika kazini au akivunja sharti, afisa anapeleka taarifa mahakamani na hakimu anaweza kumpeleka ndani.

Masufuria manne

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa nusu siku kwenye benchi la mahakama moja ya mwanzo. Kijana mmoja alikuwa ameiba masufuria manne ya mama lishe, mawili kati ya hayo yale makubwa ya pilau. Alikiri bila kuzungushana. Alikuwa amevaa kandambili zisizofanana, moja ya bluu na nyingine nyekundu, na alikuwa akizitazama muda wote hakimu alipokuwa akisoma: faini laki mbili au kwenda jela miezi sita. Hakuna mtu katika chumba kile aliyejiuliza ni lipi kati ya mawili hayo litakalofuata. Aliyeiba sufuria auze apate nauli hana laki mbili.

Nje nilimkuta mama lishe amekaa kwenye ngazi, amejifunga khanga kiunoni kama anayetaka kuondoka ila hajui aelekee wapi. Alikuwa anapikia masufuria ya kukodi. Akaniuliza kana kwamba mimi ndiye hakimu: "Sasa masufuria yangu nimdai nani?"

Swali lile halijanitoka. Gereza tunalitwisha kazi nne. Linamwadhibu aliyekosa, linamweka mbali asitudhuru, linawatisha wengine, na linatakiwa limrekebishe. Kati ya hizo nne, kumrudishia aliyeibiwa haimo. Kijana yule alikwenda kula ugali wa serikali miezi kadhaa, kwa kodi ambayo mama lishe naye anailipa kila anaponunua mafuta ya kupikia, na mama akabaki na deni la sufuria. Sheria ilimruhusu hakimu kuamuru fidia. Ilimruhusu pia kumpa kijana huduma kwa jamii, abaki na uwezo wa kubeba mizigo mchana na kulipa sufuria moja baada ya nyingine.

Tazama pia neno lile dogo, "au". Faini au jela. Ukiwa nazo unalipa na kurudi kwako kabla ya chakula cha mchana. Usipokuwa nazo unapanda karandinga. Wawili wametenda kosa moja, lakini mmoja anafungwa kwa kosa na kwa umaskini wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imejaribu kuuziba mwanya unaofanana na huo katika hatua ya mapema zaidi, kabla ya hukumu: Ibara ya 49 inakataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita.

Kwa wezi wa namna hii jela ya muda mfupi ina hasara nyingine ambayo kila mtu mtaani anaijua. Miezi sita haitoshi kumfundisha mtu useremala, lakini inatosha sana kumkutanisha na wakubwa wa kazi.

Au chukua teja. Anayetumia heroini akikosa kete anashikwa na arosto: mwili unamuuma kila kiungo, anatapika, anaharisha, hana usingizi. Mtu aliye katika hali hiyo hawazi sheria inasema nini. Anaiona betri ya gari, nyaya za umeme, nguo kwenye kamba. Tumewafunga watu hawa, wakatoka, na wiki hiyohiyo betri ikapotea tena. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianzisha kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mtumiaji badala ya heroini, na baadaye huduma ikafika Mwananyamala, Temeke na kwingineko. Mgonjwa anafika kila siku, anakunywa dozi mbele ya muuguzi, arosto haimshiki, na anaweza kushinda siku nzima bila kuiba. Kwa mtaa unaoibiwa, kliniki ile imefanya kazi ya ulinzi kuliko kufuli.

Na ile hoja ya kutisha? Watu husema adhabu ikiwa kali wezi watakoma. Muulize dereva wa basi la mkoani kwa nini anapunguza mwendo. Kiasi cha faini anakijua miaka yote na hakimsumbui. Anapunguza pale aliposhtuliwa kwa taa na mwenzake kwamba mbele kuna trafiki na tochi ya kupima mwendo. Akishaipita tochi anakanyaga tena. Uhakika wa kukamatwa ndio unaomshika mguu, na mhalifu naye ni hivyohivyo. Kifungo cha miaka 30 hakimtishi mtu anayeamini kwamba polisi hawatafika.

Kosa zito na mtu wa hatari ni vitu viwili

Hapa ndipo wasomaji wengi hunikatisha: sawa, wa sufuria na afagie zahanati, je, mbakaji? Je, jambazi? Swali ni la haki na sitaki kulikwepa, maana wapo watu wanaotetea adhabu mbadala kana kwamba watu wa hatari hawapo. Wapo. Kuna ambao wakitoka leo, kesho tunazika.

Shida ni kwamba tunawatambua vibaya. Tunatazama kosa lilivyoandikwa kwenye karatasi na kudhani limetuambia kuhusu kesho.

Nitoe mifano miwili ya kubuni. Mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka 15 anamuua usiku mmoja kwa mchi. Kosa ni zito kuliko yote, uhai umetoka. Lakini uwezekano wa mwanamke huyo kumuua mtu mwingine ni mdogo sana. Mwanamume wa nyumba ya pili amempiga mkewe makofi. Karatasi inasema shambulio la kawaida, kosa dogo, hata wazee wanasema mkayamalize. Ila hii ni mara ya tano, safari iliyopita alimkaba koo, amemwambia mbele ya watoto "nitakuua na mimi nitajiua", na juzi amenunua panga ilhali hana shamba. Karatasi yake ni nyepesi kuliko ya mwanamke yule, lakini yeye ndiye wa hatari.

Afisa anayejua kazi yake anatafuta mambo ya namna hiyo. Amewahi kutumia nguvu mara ngapi? Kuna mtu maalumu anayemtishia? Akilewa anakuwaje? Ana umri gani, maana wengi ujambazi unawatoka wanapofika makamo? Akirudi, anarudi wapi na kwa nani? Majibu hayapo kwenye hati ya mashtaka. Yapo kwa mjumbe, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mke, kwa mlalamikaji.

Sheria zetu za makosa mazito hazina subira na maswali hayo. Unyang'anyi wa kutumia silaha: si chini ya miaka 30. Kubaka: si chini ya miaka 30, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 ni maisha. Kuua kwa kukusudia: kunyongwa, hakimu hana chaguo, ingawa hakuna aliyenyongwa Tanzania tangu miaka ya 1990. Naelewa hasira iliyozaa namba hizi, hasa kwa watoto, ninayo pia. Lakini kifungo cha namna hii ni sawa na kubandika maharage na kuyaepua saa ikifika bila kufunua mfuniko. Mengine yaliiva zamani na sasa yanaungua. Mengine bado mabichi, nawe unayapakua. Mwizi wa silaha aliyeingia na miaka 22, akatulia, akajifunza ufundi, anabaki ndani hata kama hatari yake iliisha miaka mingi nyuma. Na yule ambaye hajabadilika hata chembe, siku yake ikitimia mlango unafunguliwa, na hakuna mwenye mamlaka ya kuuliza kama bado ni wa hatari.

Norway walikutana na swali hili kwa ukali wake wote. Mwaka 2011 Anders Behring Breivik aliua watu 77, wengi wao vijana. Mwaka 2012 akahukumiwa miaka 21, na huku kwetu watu walishangaa: roho 77 kwa miaka 21? Wengi hawakuambiwa sehemu ya pili ya hukumu. Ni kifungo cha kuzuia, na muda ukiisha mahakama inaweza kuongeza hadi miaka mitano, kisha mitano tena, bila kikomo, ikiona bado ni hatari. Anaweza kufia ndani. Mwaka 2022 aliomba kutoka mapema akakataliwa. Swali linaulizwa upya kila mara, na anayetakiwa kulijibu kwa ushahidi ni mahakama. Sisemi tuige kila kitu, kwa sababu mamlaka ya kumwongezea mtu kifungo kwa jambo ambalo hajalitenda bado ni kisu cha makali mawili, na katika mkono mbaya kitamkata mpinzani wa kisiasa kabla ya jambazi. Ila kule mfuniko unafunuliwa.

Huku kwetu mlango umeanza kusukumwa. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji, bila kumsikiliza mtu huyo ni nani na alifikaje pale, ni kinyume cha Katiba. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa uamuzi wa namna hiyo dhidi ya Tanzania. Hakuna mahakama kati ya hizo mbili iliyosema wauaji waachiwe. Zilisema jaji aruhusiwe kumtazama aliye mbele yake.

Wapo pia wasiostahili gereza wala mtaa. Aliyetenda akiwa mgonjwa wa akili hapelekwi Gereza la Ukonga na kuachwa huko; Dodoma kuna Isanga, sehemu ya Hospitali ya Mirembe iliyowekwa kwa ajili ya wagonjwa wenye kesi, na Nairobi kuna wodi yenye ulinzi mkali katika Hospitali ya Mathari. Kule mtu anakaa kwa sababu ni wa hatari, lakini hatari yenyewe inatibiwa.

Kundi linaloninyima usingizi ni vijana wa mapanga. Dar es Salaam inakumbuka Januari 2015 na Septemba 2022, magenge ya vijana yaliyoitwa Panya Road, maduka yanafungwa saa kumi na mbili jioni na kina mama wanakimbia na watoto mgongoni. Kati ya waliokamatwa walikuwamo wa umri wa kuwa kidato cha pili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumhukumu mtoto kifungo cha gerezani, na inafanya vyema kukataza. Lakini mtoto aliyemkata mtu panga ni wa hatari leo, na kumrudisha uchochoro uleule kwa rafiki walewale ni kumwonea yeye na kutuonea sisi. Tunayo Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya. Toka Mbagala hadi Irambo uone mama wa mtoto huyo atamtembelea mara ngapi kwa mwaka. Ningependa kila mkoa mkubwa uwe na mahali pa namna hiyo, pana geti na walinzi, pana darasa na karakana, na mzazi anafika kwa nauli ya daladala. Mahali hapo patagharimu fedha. Mazishi nayo yanagharimu.

Majirani walioulizwa swali gumu kuliko letu

Anayeona adhabu mbadala ni za makosa ya kuku na sufuria, ajue Rwanda ilizitumia kwa mauaji ya kimbari. Baada ya 1994 zaidi ya watu 100,000 walikuwa wamesongamana magerezani, na kwa kasi ya mahakama za kawaida wengi wangekufa kabla ya kusikilizwa. Nchi ikarudia gacaca, baraza la kukaa majanini, ikalipa sura ya kisheria. Kuanzia 2002 hadi 2012 majirani waliochaguliwa kwa uadilifu wao walisikiliza karibu kesi milioni 1.9. Wapangaji wakuu walishughulikiwa na mahakama za kawaida na ile ya kimataifa iliyokaa Arusha. Waliotekeleza, wakikiri mapema na kusema miili ilikozikwa, wangeweza kutumikia sehemu ya kifungo kwa kazi za umma: kuchimba matuta, kutengeneza barabara, kujenga nyumba za manusura.

Haikuwa safi. Washtakiwa hawakuwa na mawakili, mashahidi wengine walitishwa na hata kuuawa, na wapo wajane waliotakiwa kumsalimia kila asubuhi mtu aliyewamalizia familia. Nisiwasemee hao. Lakini ukweli wa miili ilikozikwa ulipatikana kwa wengi, na gereza peke yake lisingeutoa.

Isichanganywe na kitu kingine tunachokifanya sisi, kile cha kuyamaliza nyumbani. Gacaca ilikaa hadharani, mwathirika akasema mbele ya watu. Kuyamaliza nyumbani kunafanyika sebuleni, mlango umerudishwa, na mtoto aliyebakwa yuko chumba cha pili hajaitwa. Zanzibar wana neno lake, muhali: kumwonea aibu ndugu, jirani, mkwe, mpaka unashindwa kumpeleka mbele ya sheria. Mtu analipa ng'ombe au laki tano, anabaki mtaa uleule, karibu na madrasa ileile. Hiyo si adhabu mbadala. Ni kutokuwa na adhabu, na mtu wa hatari ameachwa bila jicho la kumtazama. Ajabu ni kwamba Zanzibar hiyohiyo, kwa jina tu, ilishawaza mbele yetu: gereza huko huitwa Chuo cha Mafunzo.

Afisa akija mtaani kwako

Yote haya yanasimama juu ya mtu mmoja ambaye wengi hawajawahi kumsikia. Ni afisa wa Idara ya Huduma za Uangalizi, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Hakimu akitaka kumpa mtu kifungo cha nje, huyu ndiye anayetumwa kuchunguza, na baadaye ndiye anayehakikisha kazi inafanyika. Kama hana nauli ya kufika kijijini, anaandika ripoti kwa simu. Kama ana wahukumiwa wengi kuliko anavyoweza kuwafuata, kifungo cha nje kinageuka kuwa kile ambacho saluni walikisema, kuachiwa tu. Nikisikia mtu anadai adhabu mbadala zimeshindwa, huwa namwuliza wilaya yake ina maafisa wangapi na pikipiki ngapi.

Siku afisa huyo akibisha hodi kwako na kuuliza habari za kijana wa jirani, usimsifie kwa sababu ya ujirani, wala usimkandamize kwa sababu ya kuku wako wa mwaka juzi. Mweleze ulichokiona kwa macho. Kama kijana anafanya vibarua, sema ni wapi. Kama akilewa anamtafuta mkewe na panga, sema, na omba jina lako lisisomwe hadharani. Kama wewe ndiye uliyeibiwa, taja ulichopoteza na thamani yake, na uliza kuhusu fidia kabla kesi haijafika mwisho, kwa sababu usipoitaja inaweza isikumbukwe na mtu.

Kisha akipewa huduma kwa jamii, utamwona asubuhi pale zahanati na ufagio, na kuna mtu wa zahanati anayemwandikia mahudhurio kwenye daftari. Kama wiki mbili zimepita ufagio umeegemea ukuta na daftari lina saini za siku ambazo hakuonekana, usiishie kulalamika kijiweni. Nenda kwa mtendaji wa kata, mwambie akuelekeze kwa afisa uangalizi wa wilaya, na ukifika huko taja tarehe ambazo hukumwona.